Namba Saba na Vyuma vya Watu

Kuku mwekundu alikuwa ametaga ndani ya dashibodi, mle mnamowekwa hati za gari, na Mama Rinten alipoingiza mkono kutafuta mayai ya asubuhi akadonolewa kidole gumba mbele ya shemeji yake. Kudonolewa kwenyewe si kitu kwa mfugaji. Kudonolewa shemeji akitazama ndiko kulikomkera.

"Umeona?" alisema Baba Giman. Alikuwa amejikunyata ndani ya shuka mpaka masikioni, maana ukungu wa mlimani ulikuwa haujanyanyuka. "Hata kuku anajua hili ni banda. Ni wewe peke yako unayeliita gari."

"Ni gari."

"Gari lina milango, Shemeji."

"Iliibiwa."

"Lina taa."

"Ziliibiwa."

"Na usukani? Au hata usukani uliota miguu?"

Mama Rinten alinyonya kidole chake. Alimtazama kama anayemuuliza nani aliyeuiba, na halikuwa swali la heshima.

Baba Giman alikuwa mdogo wa marehemu mume wake, na pia mwenyekiti wa chama cha madereva wa kijiji. Asubuhi hiyo alikuja kwa cheo cha pili. Chama kimekaa, alisema. Namba saba haijaonekana kwenye foleni tangu kaka yake alipozikwa. Ikiwa sikukuu ya Kasada, ya kupeleka sadaka mlimani, itafika na gari halijaja langoni kwa magurudumu yake yenyewe, likiendeshwa na mtu wa nyumba hii, basi nafasi itapewa anayefuata.

"Anayefuata ni nani?"

Baba Giman akageuka kuutazama mlima Bromo, ule wa volkano, ambao haukuonekana kwa ukungu. "Giman," alisema.

"Giman mwanao?"

"Kwani kuna Giman mwingine?"

Pale kijijini namba ni shamba. Alfajiri magari ya zamani hujipanga langoni, pa kuingilia mlimani, wageni hupanda, huteremshwa kwenye Bahari ya Mchanga, ule uwanda wa majivu chini ya mlima, na kupandishwa ng'ambo kwenda kutazama jua likichomoza. Mwenye namba anakula mwaka mzima, hata viazi vikioza. Asiye na namba anapunga mkono. Na namba saba ilikuwa ya Kasiyat, yaani Baba Rinten, tangu foleni ilipoanza. Alipokufa kwa kifua, msimu wa mvua, Landkruza lake la bluu lilibaki nyuma ya jiko, likaanza kupungua kama sabuni. Leo taa, kesho mlango, keshokutwa rejeta. Siku zile Mama Rinten alikuwa akilia. Hakuwa na macho ya kuhesabu taa.

"Kuna mnunua vyuma chakavu wa mjini Probolinggo," aliendelea Baba Giman kwa upole. "Anaweza kulibeba lote. Kuku nitawajengea banda mimi mwenyewe."

"Shemeji," alisema Mama Rinten, "kuku wangu hawajaomba kuhama. Kunywa kahawa yako uende."

Mchana ule alimpigia simu binti yake.

Rinten alikuwa fundi wa kuchomelea katika gereji moja huko Malang. Alifika na lori la mboga, amepakata mashine ya kuchomelea, mfuko wa msasa na mdomo aliourithi kwa baba yake. Alilizunguka gari mara mbili, akampisha kuku, akalala chini chali na kuigonga chesisi kwa nyundo kuanzia mbele mpaka nyuma, sikio limetegwa.

"Chesisi nzima," alisema kutoka chini. "Injini ipo, imeganda. Gia boksi ipo. Sakafu imekwisha kabisa, ukikanyaga unasalimiana na nyasi. Kingine hakuna."

"Kwa hiyo litatembea?"

"Mama, hili siyo gari. Ni kiunzi kilichokaliwa na kuku."

"Nimekuuliza, litatembea?"

Rinten akajifuta kutu puani. "Nipe mapipa ya mafuta yaliyotoboka."

Basi wakaanza. Rinten alikata mapipa, akayanyoosha kwa nyundo, akatengeneza sakafu mpya na kuichomelea kipande kwa kipande. Mama Rinten alipewa brashi ya waya na kuambiwa aifukuze kutu, naye aliifukuza kwa hasira ya miaka. Injini ilimiminiwa mafuta ya taa katika kila silinda, ikaachwa ilowe. Kila asubuhi mama na binti waliining'inia fimbo ndefu ya chuma ya kuzungushia injini wakiisukuma, na kila asubuhi injini iliwadharau. Ilipozunguka hatimaye, iliguna kama mzee aliyeamshwa, na wote wawili wakaanguka juu ya magunia ya vitunguu. Halafu Rinten akaongeza majani ya springi aliyoyatoa kwenye lori bovu, gari likanyanyuka juu mpaka Mama Rinten akahitaji kigoda cha kupandia.

"Nani alikwambia uliinue hivi?"

"Mchanga ukiwa laini, utanishukuru."

"Nitakushukuru nikiwa nimevunjika nyonga."

Jiko likawa gereji. Kule kwetu mgeni hakaribishwi sebuleni. Hukaribishwa jikoni, akae kando ya moto, apashe viganja. Sasa waliokuja kuota moto walikuta valvu zimepangwa kwenye kichanja pamoja na mahindi yanayokaushwa, na supu ya kabichi yenye harufu ya mafuta ya taa. Waliinywa.

Kilichobaki kilikuwa vitu visivyokuwepo, na hapo ndipo kisa chenyewe kilipo.

Siku moja Mama Rinten alikwenda kwa jirani yake, Baba Tasmi, kuomba mbegu. Landkruza jekundu la Baba Tasmi lilikuwa limeegeshwa uani, na mbuzi alikuwa akijikuna pembe kwenye mlango. Rangi ilikuwa imechubuka. Chini ya wekundu, Mama Rinten akaona bluu.

Hiyo bluu aliijua. Aliipaka yeye mwenyewe, enzi hizo akiwa mjamzito, kwa brashi ya kupakia madirisha.

Alipokea mbegu, akashukuru, akaenda zake. Lakini njiani alianza kuangalia. Boneti ya kijani ya Baba Karmi ilikuwa na mstari wa bluu kwenye pindo. Taa za Mbah Saridin, mzee mmoja asiye na meno, zilikuwa na bluu kwenye vikombe vyake. Alifika nyumbani mbio.

"Kijiji kizima!" alimwambia Rinten. "Kijiji kizima wezi! Walikula ubwabwa wa matanga huku wameficha spana mfukoni!"

"Twende tukawaambie."

"Tukawaambie nini? Tumwite jirani mwizi, halafu kesho nani atanisaidia kuvuna?" Mama Rinten alichochea moto mpaka cheche zikaruka. Kisha, taratibu, uso wake ukabadilika. Rinten aliujua uso ule. Ndio uliokuwa ukija kabla ya mtu mwingine kuaibika.

Walikuwa karibu na entas-entas ya Kasiyat, sherehe ya kumsindikiza marehemu moja kwa moja, ambapo roho hutengenezewa sanamu ya majani na maua, ikavishwa nguo zake, ikaombewa na kuhani wa kijiji, kisha ikachomwa ili apande akiwa safi. Wanawake walikuja kumenya viazi vya shughuli. Walipokaa wote kando ya moto, Mama Rinten akashusha pumzi moja ndefu iliyotosha kuzima kibatari.

"Vipi, mwenzetu?" aliuliza Mama Tasmi.

"Hamna kitu. Ni usingizi tu. Marehemu ananisumbua."

Visu vikasimama.

"Anakuja ndotoni," alisema Mama Rinten, akiendelea kumenya. "Anakaa palepale ulipokaa wewe, Mama Tasmi. Ana spana mkononi. Anahesabu. Mlango mmoja. Mlango wa pili. Boneti. Rejeta. Namwuliza, Baba Rinten, mbona hupandi? Ananiambia, nitapandaje kwa miguu? Gari langu halijatimia. Ananiambia atawapitia wenye vitu mmoja mmoja, awaulize yeye mwenyewe."

Mama Tasmi alisogea polepole kutoka pale alipokuwa amekaa.

"Amewataja?" aliuliza mtu.

"Bado," alisema Mama Rinten. "Jana alikuwa anatafuta miwani."

Uongo huo aliuona mtamu kuliko supu. Asubuhi iliyofuata, akifungua mlango wa jiko, alikuta kikapu cha kabichi ambacho hakukiagiza. Chini ya kabichi palikuwa na rejeta.

Baada ya hapo vyuma vilimiminika. Mlango mwekundu ulikutwa umeegemezwa ukutani, umefunikwa majani ya ndizi ambayo hayaoti huko juu kwa baridi, kwa hiyo mtu alikuwa ameyanunua. Usukani ulirushwa juu ya ua ukamvaa mbuzi shingoni, akazunguka nao kijijini kutwa kama diwani aliyevishwa shada. Mbah Saridin alileta taa zake mchana kweupe ndani ya chungu cha uji, akasema, "Nimekuletea uji," na alipoambiwa hakuna uji humu, akasema, "Basi nimezeeka," akaondoka haraka kuliko mtu aliyezeeka.

Na vingine viliendelea kuja hata baada ya kutosha. Zikaja taa za tatu na za nne. Ukaja usukani wa pili. Watu waliokuwa hawana uhakika waliona heri kurudisha kuliko kutembelewa.

Kule langoni ikawa vituko. Baba Tasmi aliendesha bila mlango, amejifunga mashuka mawili na taulo, meno yakigongana. Gari la Baba Karmi lilikuwa limefunikwa injini kwa mkeka. Wageni walipiga picha wakidhani ndiyo mila. Mama Rinten alikuwa akipita na kikapu chake cha viazi, anawasalimu mmoja mmoja kwa sauti ya asali.

"Baba Tasmi, leo hewa unaipata vizuri?"

"Vizuri, Mama Rinten. Daktari alinishauri hewa."

Alicheka mpaka nyumbani. Tangu mume wake afe hakuwahi kucheka hivyo.

Kikabaki kitu kimoja: kabureta. Bila hiyo injini haipumui. Na Mama Rinten alijua iko wapi, kwa sababu vitu vyote vilikuwa vimerudi isipokuwa vya mtu mmoja. Akamfuata shemeji yake nyumbani.

"Kaka yako anakusalimu," alisema.

Baba Giman alikuwa akipaka gari lake grisi. "Kanitaja?"

"Kakutaja wa kwanza."

"Shemeji, kaka yangu nilimjua kabla hujamjua. Hawezi kuja ndotoni kudai kitu." Alifuta mikono yake polepole. "Angekuja, angekuja kuazima."

"Maneno gani hayo juu ya marehemu!"

"Ndiyo maneno niliyonayo."

Mama Rinten aliondoka akitema mate njiani. Ana haja na namba saba huyo, aliwaza. Anamtakia Giman wake, ambaye hata baiskeli aliigongesha kwenye msikiti wa bonde la chini, jengo lisilohama. Asipotoa kabureta, Kasada itatukuta tumekaa.

Siku mbili kabla ya entas-entas, Rinten alianza kupiga msasa milango na boneti ili apake rangi ya bluu, gari lirudi kuwa lile. Mama alikuwa ndani akichagua nguo za kuivisha sanamu. Alichagua koti la ngozi ambalo Kasiyat alilivaa kila alfajiri ya maisha yake ya udereva. Romo Puja, kuhani, alikuwa amekuja kupanga shughuli, naye alipoliona akakohoa.

"Koti zuri," alisema.

"La Baba Rinten. Hakulivua."

"Naam," alisema Romo Puja. "Hakulivua kabisa." Akakohoa tena, akaomba kahawa.

"Mama!" Rinten aliita kutoka uani. "Njoo uone."

Alikuwa ameusugua mlango mwekundu mpaka kwenye bati, mahali pakubwa kama sahani. Rangi zilikuwa zimejipanga kama maganda ya kitunguu.

"Nyekundu ya juu ni ya Baba Tasmi, alipaka baada ya kuuchukua hapa," alisema Rinten. "Chini yake bluu, yako. Sasa tazama chini ya bluu."

Chini ya bluu palikuwa na nyekundu tena. Nyekundu kongwe, iliyokaa kwenye bati lenyewe.

"Haiwezekani," alisema Mama Rinten.

"Na boneti. Kijani, bluu, kijani. Taa za Mbah Saridin, nyeupe, bluu, nyeupe. Nimesugua kila kitu, Mama. Hakuna hata kimoja kilichozaliwa bluu. Vyetu ni chesisi na injini na hilo bodi tu."

Mama Rinten alikaa kwenye kigoda chake cha kupandia. Akilini alimwona mume wake anaingia uani jioni, mlango mwekundu begani, anacheka. Baba Tasmi kaniazima. Alimwona na boneti. Baba Karmi kaniazima, wiki tu. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akichukua brashi na kuvipaka bluu, kwa sababu gari la rangi mbili lilimtia aibu. Na hakuuliza hata mara moja vitarudi lini. Kasiyat alikuwa mtu wa kupendwa. Alikuwa akiazima kwa kicheko, na mtu akishacheka nawe humwulizi kitu.

Kwa hiyo hawakuiba. Walisubiri mpaka azikwe, wakachukua vitu vyao kimya kimya, kila mtu chake, wakavipaka rangi zao, ili mjane asisikie kwamba mume wake alikuwa na deni kila nyumba. Halafu yeye akawatungia ndoto, nao wakavileta tena, vitu vyao wenyewe, wakaendesha alfajiri bila mlango kwenye baridi ile. Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kusema ni changu.

Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Alitamani ardhi impasukie, kigoda na yeye.

"Tufanyeje?" aliuliza Rinten. "Tukivirudisha, namba imekwenda."

"Najua."

"Tukinyamaza, hakuna atakayesema."

"Hilo nalo najua," alisema Mama Rinten. "Ndilo linaloniuma."

Usiku huo hakuota chochote.

Siku ya entas-entas uwanja ulijaa. Sanamu ya majani ilikaa mbele, imevaa koti la ngozi lililokuwa kubwa kwake, imeegemea kidogo upande mmoja kama alivyokuwa akiegemea Kasiyat. Nyuma yake, chini ya mvinje, Landkruza lilisimama na rangi zake zote, nyekundu, kijani, nyeupe, na bluu ya bodi. Rinten hakuwa amelipaka.

Kabla Romo Puja hajaanza maombi, Mama Rinten alisimama.

"Nina neno," alisema. "Ile ndoto niliwadanganya. Hakuja. Mimi nilidhani mmeniibia, nikawatisha. Kumbe mwenye kuchukua alikuwa huyu hapa." Akaielekeza kidole sanamu. "Alichukua kwa kila mtu. Sasa ndio anaondoka, na sitaki aondoke na vyuma vya watu. Kila mtu aje afungue chake. Spana hizo hapo."

Kuku tu ndiye aliyesema neno.

"Baba Tasmi. Mlango wako."

Baba Tasmi aliutazama mlango kana kwamba hawajawahi kukutana. "Ule mwekundu? Hapana. Wangu ulianguka korongoni."

"Baba Karmi, boneti."

"Mimi boneti sipendi," alisema Baba Karmi. "Injini inahitaji kupumua."

"Mbah Saridin!"

"Mimi nilileta uji," alisema Mbah Saridin.

"Waongo nyie!" alifoka Mama Rinten, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Waongo wakubwa! Nimewaomba msamaha mbele ya marehemu mnaniletea uji?"

Hapo Baba Giman akatoka kati ya watu. Alifungua shuka yake. Chini ya kwapa alikuwa ameibana kabureta, imesuguliwa mpaka inang'aa.

"Mimi sidanganyi," alisema. "Hii ni yangu."

Watu walinung'unika. Mama Tasmi alisema kwa sauti ya kusikika kwamba wengine hata matanga hayawafundishi adabu.

"Ni yangu," alirudia Baba Giman. "Kaka aliifungua kwenye gari langu asubuhi ya harusi yangu. Nikaenda kumchukua bibi harusi juu ya farasi wa kukodi. Farasi akaninyea kwenye suruali mpya, mwulizeni mke wangu. Alipokufa nikaja kuifungua gizani, kitu changu mwenyewe, kama mwizi." Akaifuta kabureta kwa pindo la shuka. "Sikuwahi kukasirikia kabureta, Shemeji. Angeniomba ningempa, na gari juu yake. Hakuniomba hata siku moja. Wote nyie aliwaomba. Mimi alinichukulia tu, kwa vile ni mdogo wake."

Upepo ulitikisa mkono wa koti.

Mama Rinten alijifuta macho kwa kanga ya kiunoni. Kisha akamsogelea shemeji yake, akapiga magoti kidogo, kiasi cha heshima na si zaidi.

"Shemeji," alisema. "Nakuomba. Niazime kabureta."

Baba Giman akavuta kamasi. "Mpaka lini?"

"Mpaka Kasada."

"Kasada ya mwaka gani?"

Mtu alicheka nyuma. Kisha wa pili. "Hilo sasa unaniuliza kwa ubaya," alisema Mama Rinten, na Baba Giman akamwekea kabureta mikononi. "Na Giman?" aliuliza Mama Rinten kwa sauti ya chini. "Giman asubiri," alisema shemeji. "Ajifunze kwanza baiskeli."

"Ngoja!" Baba Tasmi alikuwa anasukuma watu. "Ngoja bwana, ule mlango mwekundu nimeukumbuka. Ni wangu ule!"

"Si ulianguka korongoni?"

"Ulipanda. Niombe na mimi."

Ikawa foleni. Kila mmoja alikuja kudai chake ili aombwe. Mama Rinten alipiga magoti mpaka magoti yakamwuma, akaomba mlango, boneti, rejeta, taa, honi, na kila mtu alijifanya kufikiri sana kabla ya kukubali. Mbah Saridin alikataa mara mbili kwa starehe tu. Usukani wa pili haukupata mwenyewe, ukavishwa mbuzi tena. Romo Puja alitazama jua, akasema kwa unyonge kwamba roho ya marehemu inachelewa.

Mwishowe maombi yakasomwa. Wakati wa kuichoma sanamu, vijana walitaka kulivua koti, maana ngozi ni mali.

"Liacheni," alisema Mama Rinten. "Huko juu kuna baridi."

Romo Puja alikohoa, akafumba macho, akaendelea kusoma. Moto ukashika.

Asubuhi ya Kasada, ukungu ukiwa bado chini, Landkruza lilishuka kutoka nyuma ya jiko likipiga chafya. Rinten alikuwa kwenye usukani. Mama Rinten alipanda kwa kigoda. Nyuma, kwenye benchi jipya la mbao, alikaa mwenyekiti wa chama cha madereva, ambaye gari lake mwenyewe halikuweza kuja siku hiyo kwa kukosa kabureta, amepakata mbuzi wa sadaka na haoni haja ya kueleza mtu. Walipofika langoni, magari yalikuwa yamejipanga, mengi yana mkeka au taulo mahali fulani. Kati ya sita na nane palikuwa na pengo. Rinten akaliingiza gari kinyumenyume pale, mara moja, bila kugusa mtu, na madereva wote wakapiga honi, wale waliokuwa nazo.

Romo Puja alipanda nao mbele, maana kuhani hupewa kiti cha mbele. Waliteremka kwenye Bahari ya Mchanga, gari refu likayumba kwenye mchanga laini bila kukwama. Baridi ilikuwa ya kukata. Kuhani alikuwa na shuka moja tu, na alitetemeka mpaka kengele yake ya maombi ikawa inalia mfukoni.

"Romo," alisema Mama Rinten, "huna koti?"

"Nilikuwa nalo."

"Liko wapi?"

Kuhani alitazama mbele. "Mama Rinten, nilikuwa nasoma maombi. Mtu hawezi kukatiza maombi."

Gari lilipanda tuta, likashuka. Kisha Mama Rinten akaweka mkono mdomoni.

"La ngozi?"

"Nililinunua Surabaya, ujanani. Aliniambia kuna baridi leo, Romo, niazime mpaka jioni."

Nyuma, Baba Giman alianza kucheka, mbuzi akamshangaa. Rinten alikuwa ameegemea usukani, mabega yanamtikisika. Mama Rinten naye alicheka, alicheka mpaka akashika ubavu, na katikati ya kicheko akajikuta analia kabisa, kwa sauti, bila kujificha.

"Usilie," alisema Romo Puja, akimpapasa bega. "Ni koti tu. Nimeshamsamehe, mama, tangu zamani."

"Usimsamehe!" Mama Rinten alimshika mkono. "Nakuomba, Romo, usimsamehe. Mdai, asije akatusahau. Kila mwaka tukija huku, mwite kwa jina lake, umdai koti lako. Nitakuja na mimi nimdai."

Kuhani akaitikia kwa kichwa. Rinten akabadilisha gia, akalielekeza gari mlimani.